Sura Aliyoikataa Mjane wa Elwak

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya sura moja ya kitabu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji ndogo kiasi kwamba mkurugenzi ndiye aliyepokea simu na ndiye aliyefunga vifurushi. Mezani kwangu palikuwa na mswada wa inspekta mstaafu wa polisi, Bwana Muthengi, mzee wa Mwingi, aliyeamua kusimulia kesi moja aliyoishughulikia zamani alipokuwa akifanya kazi Kaskazini Mashariki.

Niseme mapema kwamba mimi ni mlevi wa vitabu vya uhalifu wa kweli. Mama yangu kule Mombasa alikuwa akiniuliza mtoto wa kike anatafuta nini kwenye maiti za watu. Sitafuti maiti. Ninachopenda ni pale mtu anapotazama jambo ambalo kila mtu amelitazama, kisha yeye akaliona. Mswada wa Muthengi ulikuwa na mahali pa namna hiyo, na niliposoma nilisahau chai yangu mpaka ikafanya utando.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye visima vya Elwak, wafugaji wawili waligombana juu ya zamu ya kunywesha ngamia. Mmoja, Adan, alichomwa kisu akafa palepale. Aliyemchoma alitoroka. Nitamwita Isaak, ingawa jina lake silo hilo, na mtaona kwa nini. Wakubwa wa Muthengi walitaka magari na msako. Yeye alikataa, akaenda kuketi karibu na visima. Ngamia wa Isaak hawakuwa na mchungaji mwingine wa kuaminika, na kiangazi kile hapakuwa na maji kwingine. Mwenye ngamia angekuja tu. Na kweli alikuja, akakamatwa bila risasi hata moja kulia.

Tatizo lilikuwa sura ya kumi na mbili, iliyoitwa "Mashahidi Walionunuliwa". Humo Muthengi aliandika kwamba mjane wa Adan, mwanamke aitwaye Dahabo, aliyeyaona yote akiwa kwenye hori la kunyweshea, alipewa kitu na akatishwa, akakataa kwenda mahakamani. Mashahidi wengine nao wakapotea, kesi ikaanguka, Isaak akarudi kwao. Sura ilikuwa na uchungu usiofanana na kitabu kingine chote.

"Huyu mama yuko hai," mkurugenzi aliniambia. "Huwezi kumwandika kwa jina lake kwamba alinunuliwa, halafu hujawahi hata kumwona. Nenda ukamsomee. Akikubali, tunachapa. Akikataa, mswada unarudi Mwingi."

Nilimjua Muthengi. Alikuwa mgonjwa wa kifua, na kila alipokuja Nairobi kwa daktari alipita ofisini kuuliza kitabu kimefika wapi. Nikapakia mswada kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga na kitenge, nikaenda kukata tiketi ya basi.

Garissa tulifika mchana. Kabla ya daraja la Tana tulishushwa wote, tukapanga mstari, vitambulisho mkononi, askari wakatukagua mmojammoja. Abiria wenyeji walikaguliwa mara mbili, kisha mara ya tatu, nao walisimama juani wakitaniana kama watu wanaongoja chakula. Mimi, niliyekaguliwa mara moja tu, ndiye niliyekuwa nikinung'unika. Joto la Garissa hukushika kichwani kwanza, halafu linashuka polepole kuhakikisha hakuna mahali palipoachwa.

Mwenyeji wangu alikuwa Mwalimu Hirsi wa mtaa wa Galbet, shemeji wa mfanyakazi mwenzangu. Alifundisha Kiswahili shule ya upili, na alikuwa amekubali kunitafsiria kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Alinipokea mlangoni mwenyewe, kwa lafudhi ya kwao ambayo p huwa b au f. "Karibu, dada Zainabu. Bole na safari. Bole na daraja." Mkewe, Sahara, alileta anjera, mikate yao myembamba ya unga uliochachuka, na chai yenye iliki nyingi, akakaa nami mpaka nikamaliza, kwa sababu kwao mgeni hali peke yake.

Jioni ile Hirsi alinionyesha kitu kilichonifanya niipende Garissa papo hapo. Alitoa kipande cha kitabu cha uhalifu, kurasa za katikati tu, zimeshonwa kwa uzi mweusi, hazina jalada mbele wala nyuma.

"Kingine kiko wapi?" nikauliza.

"Kiko kwa watu. Kitabu kimoja ikikaa kwa mtu mmoja, wengine watangoja mbaka lini? Sisi tunaifungua. Mimi niko na cha tatu. Cha kwanza iko kwa muuza dawa, cha bili kwa karani wa kaunsil."

"Na cha mwisho?"

Aliangalia pembeni kwa aibu. "Cha mwisho kimeenda Wajir na dereva wa lori. Tunamngoja."

Sahara alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio. Akanieleza kwamba kulikuwa na sheria kali: mwenye kipande cha mbele haruhusiwi kumwambia kitu mwenye kipande cha nyuma, na karani aliwahi kususiwa kwa kutaja jina la muuaji kwenye foleni ya nyama. Nimefanya kazi na wasomaji miaka mingi, nimeona vitabu vizuri vikioza ghalani. Watu hawa walikuwa wakisoma kitabu kimoja kama wanavyokula sinia moja. Niliona raha kubwa moyoni, na nilimwambia Hirsi hivyo.

Kutoka Garissa tulipanda lori la sukari. Mimi nilipewa nafasi mbele kwa dereva, Hirsi akapanda juu ya magunia na wanaume wengine. Siku zile magari hayakwenda peke yake. Yalikusanyika asubuhi, askari wenye bunduki wakagawanywa lori la mbele na la nyuma, ndipo msafara ukang'oa nanga. Nilikuwa na woga, nisidanganye. Dereva alikuwa akitafuna miraa na kunisimulia mahali ambapo wenzake walisimamishwa na majambazi, na alisimulia kwa furaha ya mtu anayeonyesha mgeni mbuga ya wanyama. Baada ya Modogashe nilimwomba anisimulie habari za harusi.

Wajir tulilala siku mbili kwa sababu lori lilivunja springi. Nakumbuka nyumba nyeupe, vumbi jeupe, na mikokoteni ya punda inayosambaza maji tangu alfajiri. Hirsi alitumia siku zote hizo kumtafuta dereva mwenye kipande cha mwisho cha kitabu. Alimpata. Dereva alikuwa hajamaliza, naye hakukubali kukitoa, wakakaa kwenye hoteli wakisoma pamoja, mmoja akigeuza ukurasa na mwingine akisema ngoja, ngoja.

Elwak ilitupokea asubuhi, siku ya mnada wa mifugo. Ngamia walikuwa wengi kuliko watu, na watu hawakuwa wachache. Tulikaa kwenye mkeka wa hoteli ya chai kungoja Dahabo afungue duka lake la vitambaa. Wanaume waliokuwa pale walitukaribisha, wakatupa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, wakauliza kilichonileta. Mimi na mdomo wangu! Nilikuwa nimekaa kimya na kesi ile siku zote njiani, na hapa nilikuwa mahali penyewe, visima viko pale mbele. Nikaanza kusimulia. Zamu ya maji, ugomvi, kisu.

Mzee mmoja aliinua mkono kwa adabu. "Dada, wewe ni wa ubande gani?"

"Upande wa nini, mzee?"

Alivaa kandambili zake, akaniaga kwa upole mkubwa, akaondoka. Mwingine akaondoka. Kisha wote, mmojammoja, kila mmoja akinitakia amani, mpaka nikabaki na Hirsi na glasi zenye maziwa nusu. Hirsi alikuwa ameshika kichwa.

"Ni kosa yangu," alisema. "Mimi nimezaliwa Garissa, nimekaa darasani sana. Nilisahau hii."

Alichokuwa amesahau alinieleza Dahabo mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, sauti nzito, amekaa katikati ya vitambaa vyake kama hakimu. Hirsi alimwita eddo, yaani shangazi, akamweleza mimi ni nani na nimebeba nini. Uso wake haukubadilika. Nilipofungua kitenge na kutoa mswada, aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Abaayo," aliniita, ndiyo dada kwa lugha yao, "watu ya Isaak iko wafi?"

"Nasikia wako Rhamu."

"Sasa kwa nini unaniambia habari hiyo hafa?"

Sikuelewa. Akaongea kwa Kisomali, Hirsi akatafsiri. Siku damu ile ilipomalizwa kwa mapatano ya koo mbili, watu walikula kiapo. Habari ya siku ile haitasimuliwa tena na upande mmoja ikiwa upande wa pili haupo. Mtu akiisimulia peke yake huongeza kidogo, kesho ataongeza tena, na kesho kutwa watoto watakuwa wamesikia kitu kingine kabisa. Kwa hiyo wote wakiwepo, inasemwa. Mmoja akikosa, haisemwi. Ndiyo maana watu wa hoteli walikimbia mdomo wangu.

"Damu ilimalizwa?" nilishtuka. Katika mswada wote wa Muthengi hapakuwa na neno hilo. Kwake kesi iliisha mahakamani, kwa aibu.

Nilimwambia kwamba bila kauli yake kitabu hakitatoka, na kwamba kuna sura moja inayomhusu, nayo si nzuri. Alifikiri kidogo, huku akimpimia mteja kitambaa. Kisha akauliza lori la kwenda Rhamu linaondoka lini.

Barabara ya Rhamu ilituchukua siku nzima ya mawe na miiba. Dahabo alikaa kati yangu na dereva, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipanda juu na Hirsi kama shahidi wa upande wao. Nilimwuliza kama aliwahi kukutana na Isaak tangu siku ile. Alisema wamekutana visimani, minadani, misibani. Salamu hupeana. Lakini habari ile hawakuwahi kuisema wao wenyewe, kwa sababu wazee walipoketi kumaliza, Isaak alikuwa bado rumande, na waliosema kwa niaba yake walikuwa baba zake. Nikaona mswada ule mapajani mwangu umekuwa mzito. Nilikuwa nimekuja kuomba ruhusa ya sura moja, na sasa nilikuwa nampeleka mjane kwa mtu aliyemwua mumewe.

Rhamu ni kijani kwa ghafla. Unatoka kwenye mawe, mara unasikia pampu za maji, mara unaona migomba na mashamba ya vitunguu hadi ukingo wa mto Daua, na ng'ambo ni nchi nyingine. Isaak tulimkuta shambani, amefungulia maji kwenye mfereji. Alikuwa mtu mfupi, ndevu zimetiwa hina, tofauti kabisa na jitu nililolichora kichwani nikisoma. Alipomwona Dahabo aliweka jembe chini, akasimama wima.

"Nabad, Isaak," Dahabo alimsalimu. Ni amani, Isaak.

"Waa nabad, Dahabo."

Alifunga mfereji kwanza, maji yasiharibu kitalu cha jirani, ndipo akatuma watu waitwe. Tuliketi kwenye banda la kuhifadhia vitunguu, watu wa Isaak huku, Dahabo na shemeji yake kule, mimi na Hirsi katikati. Wakaleta nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye samli, wakahakikisha tumekula. Baada ya sala ya alasiri mzee wao mmoja aliomba dua fupi, akanielekezea kidole. Nisome.

Nimewahi kusoma kazi za watu mbele ya hadhara. Sijawahi kuwa na wasikilizaji kama wale. Nilisoma aya kwa aya, Hirsi akitafsiri. Walimsifu Muthengi waziwazi. Alipoeleza jinsi ngamia wa Adan walivyokataa kuondoka kisimani, shemeji yake Dahabo aligeuza uso. Alipoeleza alivyokataa magari na kuamua kuketi akingojea ngamia wanywe, wazee wa Isaak waligongana mabega. "Huyu bolisi," mmoja akaniambia kwa Kiswahili, "kichwa yake ilikuwa inafanya kazi."

Nilipomaliza sura ya kukamatwa, Isaak aliinua mkono. Alizungumza Kiswahili cha gerezani, kilichonyooka kuliko cha wengine.

"Kuna kitu amesahau. Kabla ya kunifunga bingu alinipa maji. Chupa yake mwenyewe. Nilikuwa nimekauka. Alisema kunywa kwanza, mambo mengine baadaye. Mwambie aandike hiyo."

Tulisimama kwa sala ya magharibi, tukalala, na asubuhi tukaendelea. Ilibaki sura ya kumi na mbili. Nikaisoma haraka, kwa sauti ya chini, kana kwamba upole wangu ungepunguza ukali wa maneno: mjane alinunuliwa, mjane alitishwa, mjane aliuuza ushahidi. Hirsi aliposikia, aliacha kutafsiri. Akakunja mikono.

"Sema," Dahabo akamwamuru.

Hirsi akasema, akitazama vitunguu. Dahabo aliangaza macho kwa watu wa Isaak, taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Nani alinitisha? Wewe? Wewe?"

Ndipo akaanza kueleza, na Hirsi alilazimika kukimbia ili amfikie.

"Serikali ilitaka kumnyonga. Mimi nilikuwa na watoto wadogo, na yeye alikuwa na wadogo kama wangu. Maji yao ni ya visima vilevile. Nikajiuliza, wakikua hawa na wale, watanyweshaje pale? Kila mtoto atakuja na ndoo mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Ndugu za mume wangu walitaka mahakama, na wengine walitaka zaidi ya mahakama. Huyu hapa," akamwonyesha shemeji yake, "alikuwa ameshanoa. Nikawaambia, Adan alikuwa wangu kabla hamjaanza kumlilia. Mimi nimekubali ngamia wa fidia na dua. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeona, nikamwambia ukienda mahakamani usirudi kwangu kuomba hata chumvi. Hakuna aliyenitisha. Mimi ndiye niliyewatisha."

Shemeji yake alikuwa wa kwanza kucheka. "Wallahi, ni kweli," alisema, na banda zima likacheka, hata mimi ambaye machozi yalikuwa yananitoka. Nilimtazama mwanamke yule nikasema moyoni kwamba katika vitabu vyote vya uhalifu nilivyosoma sijakutana na mtu mwenye ujasiri wa namna hii. Alimwona muuaji wa mumewe, akawa na kamba mkononi, akaiweka chini kwa ajili ya watoto wake na wasio wake.

Kicheko kilipoisha Isaak alikuwa amesimama.

"Andika jina langu," aliniambia. "Jina la kweli, na la baba yangu. Sitaki kujificha ndani ya kitabu."

Mzee aliyeomba dua alimkatiza. Ngamia wale, alisema, hawakutoka kwenye zizi la Isaak peke yake. Walitoka kwa ukoo mzima, hata kwa wajane waliokuwa na mmoja tu. Jambo likishalipwa na wote ni la wote, na jina lililofungwa na wote halifunguliwi na mtu mmoja kwa sababu moyo wake umemjia juu. Dahabo alitikisa kichwa kukubaliana naye. Isaak alibaki amesimama, mikono haina kazi. Kisha akamgeukia Dahabo na kusema maneno machache kwa Kisomali. Hirsi alininong'oneza: amesema, "Dahabo, ulikuwa mkono wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kwa kinywa chake.

"Najua," Dahabo alimjibu. "Nilikuwa pale. Keti."

Akaketi. Mtu akamjazia chai.

Kauli ya Dahabo kwangu ilikuwa fupi, na aliitoa kwa Kiswahili ili nisiibadilishe njiani. "Kitabu yako ni nzuri. Huyo bolisi ni mwanamume. Mimi, andika jina yangu yote. Andika Dahabo alikataa. Ikisema Dahabo alinunuliwa, isitoke."

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda, kwa sababu nilirudi na hofu. Dahabo tulimshusha Elwak. Alinifunga kitambaa begani bila kunipa nafasi ya kukataa. Garissa niliagana na Hirsi na Sahara, na tayari muuza dawa na karani walikuwa wamefika kuuliza mswada wangu unaweza kufunguliwa vipande vingapi. Hirsi aliwajibu kwamba hicho wangoje kitoke, na kwamba yeye kwa sasa hawezi kusimulia. Mimi nilikuwa nikimwaza Muthengi. Mwandishi mzee, mgonjwa, mwenye fahari ya kazi yake, nami naenda kumwambia kwamba sura aliyoiandika kwa uchungu kuliko zote ni ya uongo. Nilidhani atanifukuza na kuuchoma mswada.

Mwingi nilishuka kwenye basi na kutembea hadi kwake. Alikuwa amekaa barazani na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Mkewe, Mama Mwende, aliniletea uji. Nikamweleza mzee yote kwa mpangilio, kuanzia mkeka wa Elwak hadi banda la vitunguu, bila kuruka kitu. Nilipofika kwenye chupa ya maji alifanya ishara kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Nilipofika kwa Dahabo alishika kiti.

"Alikataa mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee."

"Hakutishwa?"

"Alisema yeye ndiye aliyewatisha."

"Hebu sema tena."

Nikarudia, pamoja na ile chumvi. Muthengi akaanza kucheka. Alicheka akakohoa, akacheka tena, kisha akafunika uso kwa blanketi, na nikaona mabega yake hayacheki tena. Mama Mwende alitoka jikoni mbio.

"Nilimwahidi ulinzi," mzee alisema alipopata sauti. "Nilimwambia, mama, hakuna atakayekugusa, njoo useme uliyoyaona. Siku ya kesi nikatazama mlango mpaka jaji akainuka. Nikajua wamemfikia. Nikajua nimemweka mwanamke hatarini, halafu nimeshindwa kumlinda. Mwanangu, miaka yote hii."

Hakumaliza. Mama Mwende alimpangusa uso kwa kanga yake, akaniambia kwa utulivu, "Kitabu chote hicho alikiandika kwa sababu ya sura hiyo moja. Alikuwa ananiuliza usiku, yule mama wa Elwak yuko hai kweli?"

Muthengi akaomba mswada na kalamu. Akakifuta kichwa cha sura ya kumi na mbili, mstari mmoja ulionyooka, kisha akaniomba nimweleze tena kitambaa alichonipa Dahabo ni cha rangi gani.

Nimeendelea kuvipenda vitabu hivi, na mama yangu ameendelea kuniuliza. Lakini nilirudi kutoka kule nikiwa nimejifunza jambo ambalo hakuna mswada ulionifunza. Nilizoea kudhani kwamba jaji akiinuka, kesi imekwisha, na kilichobaki ni kazi yetu sisi tunaoandika. Isaak alikuwa bado na neno la kusema. Dahabo alikuwa na heshima ambayo kitabu kilikuwa karibu kumpokonya. Na inspekta hodari kuliko wote niliowajua aliumwa na kitu zaidi ya miaka kumi, ilhali dawa yake ilikuwa Elwak, kwa mwanamke anayeuza vitambaa, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyekuwa ameenda kumwuliza.